Mvumo, tik-tik na noti zinazolia mara mbili: naomba msaada wa kuunganisha studio

BintiMkunazini

Assalaam aleikum wadau. Nina chumba kidogo cha kurekodi hapa Unguja, Mji Mkongwe. Kazi zangu nyingi ni taarabu asilia na kasida: kanuni, udi, fidla mbili au tatu, akodiani, dumbaki na waimbaji. Zamani nilikuwa naweka maiki mbili katikati ya chumba na kurekodi wote pamoja. Sasa wateja wanataka kila ala iwe na chaneli yake, kwa hiyo nimeongeza vifaa, na matatizo yameingia pamoja navyo. Naeleza kila kitu kilivyo ili mtu asilazimike kukisia.

Saundikadi yangu ina tundu nane za maiki na inaingia kwenye laptop kwa USB. Nyuma ina ADAT (sauti ya dijitali ya chaneli nane kwa waya wa mwanga) ya kuingiza na ya kutoa, S/PDIF (sauti ya dijitali ya chaneli mbili) ya tundu ya RCA, na MIDI IN na OUT, yaani tundu za kubeba noti, si sauti. Nimeongeza priampu (kikuza sauti) ya maiki nane nyingine, inayoleta sauti kwenye saundikadi kwa waya mmoja wa mwanga, basi jumla ninapata chaneli 16. Kinanda kinatoa sauti kwa jeki mbili za kawaida, kushoto na kulia, kwa nyaya kama za gitaa zenye urefu wa mita sita hivi. Kinanda hichohicho kimeunganishwa na laptop kwa USB ili programu ipate noti. Nina pia Roland JV-1080, kisanduku cha sauti za kinanda kisicho na vibonye vya kupigia, ambayo mpiga kinanda wangu anaipenda kwa sauti zake za nyuzi. Hiyo inapokea MIDI kutoka kwenye saundikadi. Na kuna deki ya kaseti, maana wazee wananiletea kaseti za zamani za vikundi vyao nizihamishe.

Matatizo ni haya. Kinanda kina mvumo, mmmm, umechanganyika na mlio mwembamba ambao unabadilika nikisogeza kipanya cha laptop. Hata nikishusha sauti ya kinanda mpaka chini kabisa, mvumo uko palepale. Kabla sijaweka ule waya wa USB wa kinanda haukuwepo. Maiki ni safi kabisa. Kwenye kanuni nasikia hadi risha inapogusa uzi.

La pili, chaneli zinazotoka kwenye priampu, yaani 9 mpaka 16, zina tik… tik… karibu kila sekunde. Wakipiga wote haisikiki, lakini mpiga udi akianza taksimu, yaani kupiga kwa kubuni papo hapo, peke yake inaharibu kila kitu.

La tatu, nikifungua chaneli ya MIDI kwenye programu, kila noti ya kinanda inalia mara mbili kwa kufuatana, sauti inakuwa nyembamba na ya ajabu.

La mwisho, kaseti zinaingia chini sana.

Muuzaji mmoja ameniambia ninunue nyaya zote upya, zile zenye plagi za dhahabu. Bei yake ni kubwa na sijui kama ndiyo dawa. Nianzie wapi?

DJ_Ukumbini

Pole dada. Huo mvumo ni ethi tu. Plagi ya chaja ya laptop ikate pini ya ethi au weka adapta isiyokuwa nayo. Mimi ukumbini nafanya hivyo siku zote, muziki unatoka safi.

FundiLikoni

Waaleikum salaam dada. Naanza na jibu lililo juu yangu kwa sababu hili halingojei. Usikate pini ya ethi, na usiweke adapta isiyo nayo. Pini hiyo ipo ili siku waya wa moto ukigusa bati la kifaa, umeme upite ardhini na fyuzi ikatike, usipite kwa mwimbaji aliyeshika maiki ya chuma. Chumbani kwako wanakaa watu, wengine wazee, na mtu mmoja anaweza kugusa maiki na kinanda kwa wakati mmoja. Ni kweli ukikata ethi mvumo unaweza kunyamaza, kwa sababu umevunja mzunguko, ila umeuvunja kwenye njia ya usalama. Mahali pa kuuvunja ni kwenye njia ya sauti. Ndugu yangu DJ, nakuomba sana na wewe uzirudishe pini hizo kabla ya shughuli yako inayofuata.

Sasa mambo yako. Kazi yangu ni kufunga studio na mitambo ya redio hapa Pwani, na vijana ninaofanya nao kazi nawafundisha jambo moja kabla hawajagusa chochote: umbo la plagi halikuambii kinachopita ndani. XLR, ile plagi ya maiki ya pini tatu, inaweza kubeba milivolti chache za maiki, au sauti ya laini ya volti 1.23, au AES3 ambayo ni namba tupu za dijitali. RCA inaweza kuwa kaseti au inaweza kuwa S/PDIF. Waya wa mwanga uleule mmoja unabeba chaneli mbili za S/PDIF au chaneli nane za ADAT, inategemea kifaa kimewekwa vipi. Jeki yenye pete inaweza kuwa chaneli moja ya balansi au stirio ya hedifoni. Zote zinaingia, zinabana vizuri, na hakuna kinachokuonya. Matatizo yako manne yako kwenye njia tatu tofauti: analogi, dijitali na MIDI. Plagi za dhahabu hazitibu hata moja kati ya hayo, kwa hiyo pesa yako iweke kwanza.

Mvumo. Umetupa dalili mbili nzuri mno: ulianza na waya wa USB, na unafuata kipanya. Angalia kwa nini maiki zako ni safi. Kwenye XLR, pini 1 ni wavu wa nje, pini 2 inabeba sauti, pini 3 inabeba sauti ileile iliyogeuzwa. Uchafu ukiingia njiani unaingia kwenye 2 na 3 kwa kiasi kilekile. Kifaa kinachopokea kinachukua tofauti kati ya hizo mbili. Uchafu unajifuta, sauti inabaki. Hiyo ndiyo balansi, na ndiyo maana waya wa maiki unaweza kwenda makumi ya mita bila shida.

Jeki ya kinanda chako haina hiyo pini ya tatu. Ina ncha na koti tu. Koti linafanya kazi mbili: linarudisha sauti, na wakati huohuo ni ngao. Mkondo wowote unaopita kwenye koti, saundikadi inauhesabu kuwa ni muziki. Sasa fuata njia kwa kidole. Graundi ya laptop inaingia kinandani kwa USB, inatoka kwa koti la jeki, inaingia kwenye saundikadi, na inarudi kwenye laptop kwa USB ya pili. Mduara umefunga. Ndani yake unazunguka uchafu wa laptop yenyewe, ule mlio wa kipanya, na kama chaja ina ethi unaongezeka mvumo wa hezi 50 wa umeme wetu. Hautoki kinandani hata kidogo. Ndiyo maana ukishusha sauti ya kinanda haupungui.

Jaribu hivi: acha kila kitu kiwake, mvumo unasikika, kisha chomoa USB ya kinanda peke yake. Ukikatika papo hapo, tumeshaupata.

Dawa iko nyuma ya kinanda chako kama kina tundu za pini tano. Waliotoa MIDI mwaka 1983 walilifikiria jambo hili vizuri ajabu. Ndani ya tundu ya MIDI IN kuna optokapla: upande mmoja taa ndogo inawaka na kuzimika kufuata data, upande wa pili kuna kipokezi kinachousoma mwanga huo. Hakuna waya unaovuka kati yao. Kati ya pini tano, data inapita kwenye ya 4 na ya 5 tu; ya 2 ni ngao, na kanuni ya MIDI yenyewe inasema upande wa IN isifungwe kwenye graundi. Kwa hiyo toa waya kutoka MIDI OUT ya kinanda hadi MIDI IN ya saundikadi, na USB ya kinanda uiweke kabatini. Noti zitavuka, graundi haitavuka. Kuna wanaosema kebo hiyo ni ya kizamani na ya polepole. Inapitisha biti 31,250 kwa sekunde, na noti moja ya baiti tatu inafika kwa muda wa karibu milisekunde moja. Hakuna mpiga kinanda atakayelalamika kwa hilo. Mimi kwa kweli naiheshimu kebo hii kuliko nyingi zilizokuja baada yake.

Ukibaki mvumo kidogo, geukia zile nyaya za gitaa. Mita sita za waya usio na balansi ni nyingi. Tengeneza mwenyewe kwa waya wa maiki, wenye nyuzi mbili na wavu. Upande wa kinanda tumia jeki isiyo na pete: uzi mwekundu kwenye ncha, uzi mweupe na wavu pamoja kwenye koti. Upande wa saundikadi tumia jeki yenye pete: mwekundu kwenye ncha, mweupe kwenye pete, wavu kwenye koti. Kwa njia hiyo uchafu unapita kwenye wavu, na uzi mweupe unabaki kwa ajili ya sauti tu. Hii inafanya kazi kama tundu ya saundikadi ni ya balansi, na zako bila shaka ndivyo zilivyo, ila soma kitabu chake. Bado mvumo? Hapo ndipo utanunua DI yenye transfoma, kisanduku cha kutenganisha graundi kwenye njia ya sauti, na itakuwa kitu pekee cha kununua kwa ajili ya tatizo hili.

Wakati umeshika bisibisi, fungua plagi zako zote utazame ndani. Hapa Mombasa na huko kwenu hewa ya bahari inakula shaba. Kule ndani, pale wavu unapokutana na lehemu, ukiona ukijani, kata sentimita mbili tatu mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, menya, lehemu upya. Kisha pima kwa mita ya umeme inayolia waya ukiwa mzima: pini 1 na 1, 2 na 2, 3 na 3, kila jozi ilie, na pini yoyote na jirani yake, isilie. Waya uliopimwa hivi, hata uwe wa bei ndogo, naurekodia bila wasiwasi.

Tik-tik. Hapa dawa yako ni bure kabisa. Kila kifaa cha dijitali kina saa yake ndani inayohesabu sampuli, kwa mfano 48,000 kila sekunde. Saa mbili hazilingani kamwe moja kwa moja. Zikitofautiana kwa sehemu 20 tu katika milioni, tayari ni karibu sampuli moja kila sekunde. Priampu inatuma sampuli moja zaidi au moja pungufu, saundikadi haina pa kuiweka, na unasikia tik. Umesema ni karibu kila sekunde. Hesabu inakubaliana nawe. Wawili wakitwanga kinu kimoja, mmoja lazima afuate mwendo wa mwenzake.

Waya wako wa mwanga ni mmoja, kutoka priampu kwenda saundikadi. Basi leo hii fanya hivi: priampu iache kwenye saa yake ya ndani, kilohezi 48. Kwenye programu ya saundikadi tafuta mahali pa kuchagua saa, toa ile ya ndani, chagua ADAT. Subiri ioneshe kuwa imeshika. Mradi wako nao uwe 48. Tik zitakwisha.

Baadaye nunua waya wa pili wa mwanga, ADAT OUT ya saundikadi iende ADAT IN ya priampu, kisha geuza: saundikadi irudi kwenye saa ya ndani, na priampu, kwa swichi iliyo nyuma yake, ifuate ADAT. Mpango huu naupenda zaidi, kwa sababu saundikadi itafanya kazi hata siku ambazo priampu imezimwa. Na usishawishike kurekodi kwa kilohezi 96. Kwa kiwango hicho waya mmoja wa ADAT unabeba chaneli nne tu badala ya nane, na nusu ya orkesta yako itapotea.

Noti mara mbili. Kinanda kinapiga sauti yake mwenyewe mara unapobonyeza, kisha programu inakirudishia noti ileile kwa USB, kinapiga tena. Ukihamia kebo za pini tano kama nilivyosema, tatizo hili linaondoka lenyewe, kwa sababu MIDI OUT ya saundikadi inakwenda JV-1080 na haina njia ya kurudi kinandani. Siku ukitaka programu ikipigishe kinanda pia, toa waya kutoka MIDI THRU ya JV-1080, tundu inayopitisha noti zilizoingia, uingie MIDI IN ya kinanda, halafu kwenye menyu ya kinanda tafuta Local uiweke Off. Vidole vitatuma noti kwa programu tu, na programu ndiyo itakayoamua nani apige.

Kaseti. Deki ya nyumbani inatoa kiwango cha −10 dBV, kama volti 0.316. Tundu ya laini ya studio inategemea +4 dBu, volti 1.23. Tofauti ni karibu desibeli 12. Saundikadi nyingi zina swichi ya −10, ama kitufe ama ndani ya programu yake. Kama haipo, ongeza geini tu. Jambo moja: usije ukaichomeka deki kwenye RCA ya S/PDIF kwa kuwa plagi inaingia. Ile inasubiri namba, na kaseti haina namba.

MpigaFidla_Tanga

Fundi ubarikiwe, nimejifunza mengi. Na mimi niulize hapohapo. Nimepewa priampu nzuri ya chaneli mbili, inatoa AES3 kwa XLR. Saundikadi yangu ina S/PDIF ya RCA tu. Nikilehemu waya wa maiki, XLR upande huu na RCA upande ule, itakubali?

FundiLikoni

Kaka, namba ndani yake zinafanana sana, ndiyo maana wakati mwingine unasikia mtu amefanya hivyo na ikatoa sauti. Lakini umeme si mmoja. AES3 ni balansi, omu 110, na volti kati ya 2 na 7. S/PDIF ya RCA haina balansi, ni omu 75, na nusu volti tu. Ukilehemu moja kwa moja unaipiga tundu ya saundikadi kwa umeme ambao haikutengenezewa. Ziko adapta ndogo zenye transfoma ndani, za kubadilisha 110 kuwa 75, pamoja na kupunguza volti. Tafuta hiyo. Baada ya adapta, upande wa RCA tumia waya wa omu 75. Ule wa manjano wa video ni wa aina hiyo, uwe mfupi. Upande wa XLR, waya wa maiki wa mita mbili tatu utafanya kazi, ila kwa masafa marefu nunua wa omu 110.

Na kumbuka saa! Saundikadi iwekwe ifuate S/PDIF, la sivyo utakuja hapa na tik zako.

BintiMkunazini

Fundi, Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Narudi na majibu.

Nilichomoa USB ya kinanda huku mvumo unasikika. Ulikatika palepale, mpiga kinanda wangu akageuka kunitazama akidhani nimezima spika. Nimeazima kebo ya pini tano kwa jirani, noti zinaingia, kimya kabisa. Noti za mara mbili nazo zimeondoka bila kugusa menyu yoyote.

Priampu imekuwa ndiyo saa, saundikadi inafuata ADAT. Nilimwomba mpiga udi apige taksimu ndefu, nikaisikiliza kwa hedifoni mwanzo hadi mwisho. Hakuna tik hata moja. Plagi nilizofungua, mbili zilikuwa za kijani kama ulivyosema, zinasubiri kulehemiwa.

Limebaki hili. Priampu ikizimwa, programu inagoma, kwa hiyo nataka ule mpango wako wa waya wa pili wa mwanga. Nilitaka pia niihamishie priampu chumba cha waimbaji, kuna kama mita 12 kwa kufuata ukuta na kona mbili. Ninunue nyaya mbili za mwanga za mita 15?

FundiLikoni

Alhamdulillah, nimefurahi sana, hasa kwa taksimu.

Usiipeleke priampu huko. Nyaya hizi za mwanga ni za plastiki. Mimi sivuki mita tano, na kwenye kona zikikunjwa kwa nguvu mwanga unavuja na chaneli zinakatika ovyo. Iache priampu karibu na saundikadi, nunua nyaya mbili fupi za mita moja au mbili, na umbali uende kwa waya wa maiki: XLR za mita 15 mpaka chumba cha waimbaji, balansi, na volti 48 za fantomu, umeme unaopitia waya wa maiki wenyewe, zitafika bila tatizo kwa maiki zinazohitaji. Zipitishe mbali na waya wa umeme wa ukutani. Zikilazimika kukutana, zikatane kwa pembe mraba, zisilale sambamba.

Ukifika dukani hakikisha huo waya wa mwanga una ncha ya mraba, si ile ndogo ya mviringo ya milimita 3.5. Kila ncha huja na kifuniko kidogo cha plastiki angavu ambacho ni rahisi kutokiona. Kitoe kwanza, ndipo uchomeke, plagi ikilia tak imekaa. Kisha geuza saa: saundikadi ya ndani, priampu ifuate ADAT.